Nahamisha seva ya Mastodon kwenda mashine mpya, naogopa kupoteza posti na wafuasi wa watu

mwanga_mdogo

Wakuu habari zenu, naombeni mwongozo kabla sijaharibu kitu. Nina seva ya Mastodon (mtandao wa kijamii wa seva nyingi zinazoongea zenyewe kwa zenyewe) naiendesha mwenyewe, ina watu kama 140 hivi, wengi wanaingia kila siku na kuna waliojiunga 2018 mpaka leo hawajahama. Mashine yenyewe imechoka, RAM GB 4, diski imefika asilimia 93, nafuta vitu leo baada ya wiki mbili imejaa tena. Juzi Sidekiq, ile programu inayopeleka posti nje na kazi nyingine za nyuma, ilizidiwa, foleni ikafika elfu sitini na kitu, watu wanaposti saa mbili asubuhi posti inatoka nje mchana. Nimeshachukua mashine mpya RAM GB 16 nimeiweka Ubuntu 24.04. Ya zamani ni 20.04, nayo niliipandisha kutoka 18.04 bila kufuta kitu.

Domeini inabaki ileile. Folda ya public/system, yenye picha na video, ina GB 61, databesi GB 11, Mastodon yenyewe ni 4.3.

Nilichofikiria ni hivi, nazima kila kitu, nakopi /home/mastodon yote pamoja na folda ya data ya Postgres (programu ya databesi) kama ilivyo, naibandika kule, nabadilisha DNS ili jina la domeini lielekee mashine mpya, basi. Jamaa mmoja kaniambia nikifanya hivyo naweza kuamka sina seva. Mwingine anasema seva nyingine zitatukataa maana funguo zitakuwa tofauti. Sasa sijui nimsikilize nani.

Alafu kuna hili ambalo ndo linaninyima usingizi: nikizima kwa masaa kadhaa, vitu ambavyo watu wa seva nyingine wametutumia muda huo vinapotea moja kwa moja? Kuna dada pale anatumia akaunti yake kuongea na wagonjwa wenzake walioko kwenye seva tofauti tofauti, wanashauriana mambo ya dawa na hali zao. Sitaki akose hata ujumbe mmoja kwa sababu yangu.

---

fundi_wa_foleni

Mkuu nianze na hilo la mwisho maana ndo la maana kuliko yote. Havipotei, mradi seva yako ijibu vizuri ikiwa imezimwa. Mastodon ikishindwa kufikisha kitu kwa seva nyingine haikati tamaa, inajaribu tena mpaka mara 16 na kila mara inasubiri muda mrefu kidogo kuliko mwanzo, ukijumlisha unapata siku mbili na ushee. Ukizima masaa manne au hata usiku mzima, ukiwasha utaona vitu vinaanza kumiminika vyenyewe. Seva nyingine itakuhesabu kwamba haupo tena ikishindwa kukupata kwa siku saba tofauti, huko hutafika.

Sasa hapo kwenye kujibu vizuri ndo watu wanaumia. Wengi wakizima wanaweka ukurasa mzuri wa "tunafanya matengenezo" kwenye nginx (programu inayopokea maombi ya wavuti mbele ya Mastodon), na ule ukurasa unarudisha namba 200, yaani "imefanikiwa". Seva ya mwenzako ikileta ujumbe ikapokea 200 inajua umefika, inaufuta kwenye foleni yake, na huo ndo umepotea kabisa hakuna wa kuuleta tena. Ukirudisha 404 ("hakipo") ni vilevile, inachukulia kwamba hilo kosa halirekebishiki na haijaribu tena. 410 ndo usiiguse kabisa, hiyo kwenye lugha ya hizi seva maana yake akaunti imefutwa. Kinachotakiwa ni 503 tu, yaani "huduma haipo kwa sasa". Hata ukiacha nginx bila kuigusa na Mastodon ikiwa imezimwa itarudisha 502, hiyo nayo ni salama. Hakikisha na curl -I (amri ya kuona seva inajibu namba gani) kabla hujaendelea, ni sekunde tano tu.

Kwenye funguo, huyo jamaa yako ana hoja ila kaisema nusu. Kila akaunti kwenye seva yako ina ufunguo wake wa siri, na ule ufunguo uko ndani ya databesi kwenye jedwali la accounts, haufungamani na mashine wala IP. Seva nyingine zinakutambua kwa jina la domeini na saini inayotoka kwenye huo ufunguo. Kwahiyo databesi ikifika nzima na domeini ikabaki ileile, kwao ni kama hakuna kilichotokea. Wafuasi, posti, waliozuiwa, ujumbe wa faragha, vyote vimo humo.

Cha pili ni faili la .env.production lenye mipangilio na siri za seva, hili likopi herufi kwa herufi. USIENDESHE mastodon:setup kwenye mashine mpya maana itakutengenezea siri mpya. SECRET_KEY_BASE ikibadilika watu wote wanatolewa nje, hilo linavumilika, lakini zile tatu zinazoanza na ACTIVE_RECORD_ENCRYPTION zilizokuja na 4.3 pamoja na OTP_SECRET ukizipoteza waliowasha uthibitisho wa hatua mbili ndo umewafungia mlango. Za VAPID zikibadilika arifa za kwenye simu zinanyamaza na watu hawajui kwanini. Kwahiyo hilo faili liweke na kwenye sehemu ya tatu nje ya mashine zote mbili, leo hii kabla hujagusa kingine.

Kopi ya folda ya data ya Postgres hiyo acha. 20.04 inakuja na Postgres 12 na 24.04 inakuja na 16, ile folda haitafunguka kule. Tumia pg_dump -Fc kutoa nakala ya databesi (dump), alafu kule tengeneza databesi tupu kwa createdb -T template0 na urudishe kwa pg_restore, weka --no-owner --role=mastodon. Ukiongeza -j 4 inatumia kazi nne kwa pamoja, kwa GB 11 utaona tofauti kubwa sana kwenye kujenga indeksi.

Na toleo la Mastodon liwe lilelile pande zote. Mtu anahama na kupandisha toleo siku hiyohiyo, kikiharibika kitu hajui ni kuhama au ni toleo. Hama kwanza, kaa wiki, ndo upandishe.

---

bi_kamanda

Naongezea kwenye alichosema fundi, ila mimi nakusihi ufanye MAZOEZI kwanza mdogo wangu. pg_dump unaweza kuiendesha seva ikiwa hewani, inachukua picha ya databesi ya wakati huo na watu hawaathiriki, labda itakuwa nzito kidogo tu na hiyo RAM yako. Chukua hiyo dump, irudishe kwenye mashine mpya, pima imechukua dakika ngapi. Ukishajua muda ndo unawatangazia watu wako saa ya kuzima, sio unabahatisha.

Lakini kwenye mazoezi usiwashe Sidekiq. Tafadhali. Nilifanya hilo kosa na bado linanikera. Niliwasha huduma zote tatu kwenye mashine ya mazoezi, nikajua haina madhara kwa sababu DNS bado inaelekea ya zamani. Nilisahau kwamba DNS ni kwa wanaokuja kwako, kutuma vitu nje Sidekiq haiihitaji. Kulikuwa na posti ya mtu imepangwa kutoka saa moja asubuhi, ikatoka kwenye mashine zote mbili, saini zote halali, kwa wafuasi ikaonekana mara mbili. Ile ya kwenye mazoezi ilikuwa na namba yake tofauti ambayo seva halisi haiijui, kwahiyo mwenyewe alipotaka kuifuta hakuwa na pa kuifutia, na mimi databesi ya mazoezi nilikuwa nimeshaifuta. Mpaka leo iko kwenye seva za watu, ukibonyeza kiungo chake inakwambia haipo. Ilikuwa tangazo la msiba. Nilimwomba radhi yule mama na akanielewa, ila mimi sijasahau.

Kwahiyo systemctl disable kwa mastodon-sidekiq kule, na siku yenyewe ukihama fanya disable kwenye ya ZAMANI pia, sio stop peke yake. Stop inaisha mashine ikijiwasha upya.

---

kopi_bila_kuchoka

Kuhusu hizo GB 61, sehemu kubwa sio ya watu wako. Endesha tootctl media usage (tootctl ni zana ya amri ya Mastodon) utaona, nyingi ni kache ya picha na video za seva nyingine. Mimi niliruka folda ya cache yote kwenye rsync (amri ya kukopi faili) nikahamisha GB 9 tu, dakika chache imeisha. Usipoteze muda na hizo nyingine.

---

bi_kamanda

@kopi_bila_kuchoka samahani hapo sikubaliani nawe. Kwenye hiyo cache kuna picha za profaili za watu wote wa nje na emoji zao pia. Databesi inaamini faili zipo, wewe umeziacha, kwahiyo watu wakifungua asubuhi wanaona viboksi vimevunjika kila mahali. Picha za profaili unaweza kuzirekebisha kwa tootctl accounts refresh --all ila hiyo inazipigia hodi seva zote duniani moja moja, inaenda siku nzima na zaidi. Njia nzuri ni kupunguza kwa tootctl yenyewe kabla ya kuhama, tootctl media remove --days 2 alafu preview_cards remove (picha za hakiki ya viungo), maana hizo zinafuta faili na zinaiambia databesi kwamba halipo tena, na picha au video ya posti mtu akija kuifungua inavutwa upya. Kinachobaki hamisha chote.

---

kopi_bila_kuchoka

Kweli dada, sasa nimeelewa kwanini kwangu picha za profaili zilisumbua ule mwezi wa kwanza, nilidhani ni seva za wenzetu zina shida. Asante kwa kunisahihisha.

Ila la rsync lenyewe nashikilia: ianze siku mbili kabla seva ikiwa hewani, ndani ya tmux ili mtandao wako ukikatika isife, alafu ukishazima unairudia mara moja tu inachukua vilivyobadilika. Na angalia mkwaju wa mwisho kwenye njia ya faili. public/system/ yenye mkwaju inapeleka vilivyomo ndani, bila mkwaju inapeleka folda yenyewe, unajikuta una system/system na hakuna picha hata moja inayofunguka. Ukiendesha kama root basi kumbuka chown -R mastodon:mastodon mwishoni.

---

mwanga_mdogo

Aisee nashukuru sana, sikutegemea majibu ya hivi. Nimefanya mazoezi leo kama bi kamanda alivyosema, Sidekiq nimeizima kabisa. Imerudi karibu yote ila mwishoni pg_restore imenitolea hivi: could not create unique index, kwenye jedwali la accounts, na ingine ya tags. Nimejaribu mara mbili, kosa lilelile. Seva ya zamani inaendelea kufanya kazi kama kawaida hakuna mtu aliyelalamika. Dump imeharibika au?

---

fundi_wa_foleni

Dump ni nzima mkuu, databesi yako ndo ilikuwa na ugonjwa wa kimyakimya, na ni heri umeugundua kwenye mazoezi. Ulisema uliipandisha kutoka 18.04 hapohapo. Kati ya 18.04 na 20.04 maktaba ya glibc ilibadilisha jinsi inavyopanga herufi, hiyo ilianza kwenye glibc 2.28. Indeksi za Postgres za maneno zilikuwa zimepangwa kwa mpangilio wa zamani, mfumo mpya ukawa unatafuta kwa mpangilio mpya. Ni kama kamusi iliyopangwa kwa utaratibu mmoja alafu unaifungua ukifuata utaratibu mwingine, neno lipo ila hulioni. Kwahiyo Mastodon ilitafuta akaunti fulani, ikaikosa, ikaingiza nyingine mpya yenye jina lilelile, na indeksi ambayo kazi yake ni kuzuia marudio haikushtuka. Ukirudisha dump indeksi zinajengwa upya kutoka sifuri na hapo ndo marudio yanaonekana.

Dawa ipo, tootctl maintenance fix-duplicates. Chukua bakapu kwanza, zima huduma zote za Mastodon kwenye ya zamani, iendeshe pale, itakuuliza maswali kwa baadhi ya akaunti, soma kila swali taratibu usibonyeze tu. Itaunganisha zilizorudiwa na kujenga indeksi upya. Baadae dump mpya itarudi safi. Hii ifanye usiku mwingine kabla ya ule wa kuhama, usizirundike pamoja.

---

mwanga_mdogo

Nimeifanya jana usiku, ilikuta akaunti 31 za nje zimerudiwa na tags kama 200, za watu wangu hakuna hata moja. Mazoezi ya pili dump imerudi bila kosa, dakika 26. TTL ya DNS (muda ambao wengine wanakumbuka anwani ya zamani) nimeshaishusha hadi sekunde 300. Na Redis (hifadhi ya data ya kwenye kumbukumbu) je, nayo nihamishe?

---

kopi_bila_kuchoka

Hamisha, ina foleni za Sidekiq ambazo bado hazijatoka na orodha ya posti za ukurasa wa nyumbani wa kila mtu. Bila hiyo orodha unaijenga kwa tootctl feeds build lakini kazi zilizokuwa kwenye foleni ndo zimeenda. Mtego wake ni mmoja, zima Redis ya mashine mpya KABLA hujaweka dump.rdb (faili la data ya Redis). Ukiliweka ikiwa inaendesha alafu ukairistati, wakati inajizima inaandika data yake tupu juu ya faili lako. Elasticsearch (ya utafutaji) kama unayo usijisumbue kuikopi, inajengwa kwa tootctl search deploy.

---

mwanga_mdogo

Wakuu tumehama. Nilizima saa nne usiku, 503 nikaihakikisha na curl, nikawasha saa saba kasoro dakika ishirini usiku huohuo. Watu hawakuhitaji hata kulogini upya.

Kulikuwa na mambo mawili. La kwanza, ukurasa ulifunguka mweupe mtupu, maandishi yamejipanga upande wa kushoto hakuna rangi wala kitufe, moyo ulienda mbio kwelikweli. Nikaangalia error.log ya nginx, mistari mingi ya 13: Permission denied kwenye kila faili la css. Kumbe Ubuntu mpya inaifunga folda ya nyumbani ya mtumiaji, nginx haiwezi kupita kufika kwenye public. chmod o+x /home/mastodon, nikarefresh, rangi zote zikarudi.

La pili bado linanisumbua. Vitu vinaingia vizuri kutoka seva nyingi, foleni iko sifuri, lakini kuna seva kama tatu kubwa hakuna kinachotoka kwao tangu jana. Na baadhi ya wenzake na yule dada niliyewaambia wako kwenye hizo. Sisi tukituma kwao inafika, wao kuja kwetu hakuna. Masaa kumi na nne sasa.

---

bi_kamanda

Rekodi ya AAAA kwenye DNS umebadilisha? Watu wanabadilisha A ya IPv4 wanasahau ya IPv6. Seva zinazotumia IPv6 bado zinakwenda kugonga mashine ya zamani.

---

mwanga_mdogo

Ndo hiyo hiyo. AAAA ilikuwa bado ya zamani, na pale nginx ilikuwa bado inajibu 503 kwahiyo wamekuwa wakisubiri tu. Nimebadilisha saa tisa mchana, ndani ya dakika kumi vikaanza kuingia na vingine vinazidi kuja vya tangu jana usiku. Yule dada kaniandikia sasa hivi kwamba ujumbe wa wenzake sita umefika kwa mkupuo. Nimefurahi mpaka basi, kama ningekuwa nimeweka ule ukurasa wa 200 hizo zote zingekuwa zimeenda.

---

fundi_wa_foleni

Safi sana mkuu. Angalia na rekodi ya SPF (inayosema IP zipi zinaruhusiwa kutuma imeili za domeini yako) kama ilikuwa na IP ya zamani ndani yake, na jina la kinyume la IP mpya (reverse DNS), la sivyo imeili za watu wanaosahau paswadi zitaangukia kwenye spam na hutaambiwa mpaka mtu akwame. Jitumie mwenyewe moja ujaribu. Mashine ya zamani iache wiki mbili ikiwa imezimwa huduma zote, alafu kabla hujairudisha kwa mwenye nayo futa diski yake kabisa, ujumbe wa faragha kwenye databesi ya Mastodon haujafichwa kwa msimbo, mtu akiipata ile diski anasoma kila kitu cha huyo dada na wenzake.

---

mwanga_mdogo

SPF ilikuwa na IP ya zamani, nimeirekebisha na imeili ya majaribio imefika. Diski nitaifuta mwenyewe tarehe ikifika.